Sennen Joyū

Sennen Joyū (kwa Kijapani: 千年女優, maana yake "Mwigizaji wa kike wa miaka elfu"; kimataifa hujulikana kwa jina la Millennium Actress) ni filamu ya katuni kutoka Japani iliyoongozwa na Satoshi Kon na kutengenezwa na studio ya Madhouse. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 28 Julai 2001 katika tamasha la Fantasia mjini Montreal, Kanada, na ikaingia katika kumbi za sinema za Japani tarehe 14 Septemba 2002. Ina urefu wa dakika 87.

Filamu inahusu maisha ya Chiyoko Fujiwara, nyota wa sinema aliyeacha kazi ghafla na kujitenga na watu kwa miaka 30, kisha akakubali kuhojiwa uzeeni. Anachokisimulia ni maisha yake mwenyewe, lakini yamechanganyika na filamu alizoigiza kiasi kwamba mtazamaji hawezi kuvitenganisha. Zipo anime nyingi zinazouliza mtu ni nani na anakumbuka nini. Hii ni mojawapo ya chache zinazomwachia mwanamke mzee alijibu swali hilo kwa kinywa chake.

Katika makala hii majina ya Kijapani yanaanza na jina la mtu, kisha jina la ukoo. Jina Chiyoko lenyewe limebeba maana: sehemu ya kwanza huandikwa kwa alama za "vizazi elfu moja".

Hadithi

Genya Tachibana ana kampuni ndogo ya kutengeneza vipindi. Wakati majengo ya studio kongwe ya Ginei yanabomolewa, yeye na mpiga picha wake kijana, Kyoji Ida, wanafunga safari hadi nyumbani kwa Chiyoko milimani ili kurekodi filamu ya hali halisi juu yake. Genya si mhoji wa kawaida. Amemhusudu mwigizaji huyu tangu ujana wake, na amemletea zawadi: ufunguo mdogo wa zamani ambao Chiyoko aliupoteza miaka mingi nyuma.

Chiyoko anaushika, na masimulizi yanaanza. Alizaliwa wakati wa Tetemeko Kuu la Kanto la Septemba 1923, lililoua watu zaidi ya 100,000 katika Tokyo, Yokohama na maeneo ya jirani. Baba yake alikufa katika tetemeko hilo, naye akalelewa na mama mwenye duka la vitu vitamu. Siku moja, akiwa msichana wa shule, anagongana barabarani penye theluji na mchoraji kijana aliyejeruhiwa. Kijana huyo anasakwa na polisi kwa kuipinga serikali. Chiyoko anawaelekeza polisi njia nyingine, kisha anamficha kijana huyo katika ghala la nyumbani kwao.

Usiku wanazungumza juu ya mwezi. Mchoraji anasema anaupenda zaidi mwezi wa usiku wa kumi na nne kuliko mwezi mpevu, kwa sababu mwezi ukishajaa huanza kupungua, lakini ule wa kumi na nne bado una kesho yake. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huenda akakwama hapa, maana katika hesabu yetu mwezi wa kumi na nne ndio uliojaa, na ndio washairi wanaomfananisha nao mrembo. Kalenda ya zamani ya Japani huanza kuhesabu mapema kidogo, kabla mwezi haujaandama machoni pa watu, hivyo mwezi hukamilika usiku wa kumi na tano. Wa kumi na nne ni ule uliobakiza kidogo tu.

Kesho yake mchoraji amekwisha kugunduliwa na kukimbia. Chiyoko anaukuta ufunguo wake kwenye theluji. Alikuwa ameambiwa kwamba unafungua kitu chenye thamani kuliko vyote. Anakimbia hadi stesheni, lakini treni imeshaondoka.

Tangu hapo maisha yake yote ni mbio. Studio ya Ginei ilikuwa imekwisha kumwomba awe mwigizaji, na mama yake alikataa. Chiyoko anapojua kwamba filamu itapigwa Manchuria, ambako mchoraji alielekea, anakubali. Anaendelea kuigiza baada ya vita akitumaini kwamba mtu huyo, popote alipo, atamwona kwenye kioo cha sinema na kumtafuta. Anaupoteza ufunguo, anaolewa na mwongozaji Junichi Otaki, kisha anaugundua tena ufunguo huo ndani ya nyumba yake mwenyewe na kutambua kwamba uliibwa makusudi. Mkono ulioiba ulikuwa wa Eiko Shimao, mwigizaji aliyemtangulia na aliyeuonea wivu ujana wake, lakini aliyeutaka wizi huo ni Otaki. Baadaye askari aliyekuwa akimsaka mchoraji, mtu mwenye kovu usoni, anakuja studioni amechakaa, anaomba msamaha na kutoa barua ya mchoraji. Chiyoko anapanda treni kwenda Hokkaido kumtafuta, lakini hampati.

Kazi yake inaishia katika filamu ya anga za juu. Wakati wa kupiga picha tetemeko linaikumba studio. Genya, wakati huo kijana wa kazi ndogondogo pale studioni, anamwokoa Chiyoko, na ufunguo unaanguka. Chiyoko anaondoka na harudi tena kazini.

Mtu wa ufunguo hatajwi jina, na uso wake karibu wakati wote umefichwa na kofia au kivuli. Mtazamaji anamkumbuka kama Chiyoko anavyomkumbuka, yaani vibaya.

Utengenezaji

Satoshi Kon alizaliwa mwaka 1963 katika kisiwa cha Hokkaido na kusoma katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Musashino. Alianza kama mchoraji wa manga kabla ya kuingia katika katuni. Filamu yake ya kwanza, Perfect Blue (1997), ilihusu mwimbaji kijana, Mima, anayejaribu kuwa mwigizaji huku mashabiki wakitaka abaki yule wa zamani. Baada ya filamu hiyo mtayarishaji Taro Maki alitaka nyingine yenye mchezo uleule wa kulidanganya jicho, na Kon pamoja na Sadayuki Murai wakaandika Sennen Joyū. Gharama zake zinatajwa kuwa takriban dola milioni 1.2 za Marekani, fedha kidogo kwa filamu inayopitia karne kadhaa na kubadili mavazi na mandhari kila dakika chache.

Filamu hizo mbili zimezaliwa tumbo moja ila hazifanani tabia. Mima anaporwa nafsi yake na macho ya watu wengine, na mchanganyiko wa ndoto na kweli kwake ni kitisho. Kwa Chiyoko mchanganyiko uleule ni njia ya kusema kweli. Msomi wa Marekani Susan Napier ni miongoni mwa walioandika kuhusu jinsi kazi za Kon zinavyomweka mwanamke mbele ya macho ya watazamaji, na juu ya kuigiza kama sehemu ya kuishi.

Nyuma ya Chiyoko wapo waigizaji wa kweli. Anayetajwa zaidi ni Setsuko Hara (1920–2015), nyota wa filamu za Yasujirō Ozu kama Tokyo Story ya mwaka 1953. Aliacha kuigiza mwaka 1963 akiwa bado kileleni, akahamia Kamakura na kukataa mahojiano hadi kufa kwake. Mwingine ni Hideko Takamine (1924–2010), aliyeanza kuigiza akiwa mtoto mdogo, hivyo Wajapani walimwona akikua kwenye kioo cha sinema. Kwa hiyo mlango wa nyumba ya Chiyoko unapofunguliwa, Mjapani wa rika fulani aliona jambo ambalo katika maisha halisi halikutokea: Hara hakumfungulia mtu.

Kumbukumbu inavyoonyeshwa

Katika filamu nyingi kumbukumbu hutengwa na wakati wa sasa kwa rangi hafifu au ukungu. Kon hafanyi hivyo. Chiyoko akiwa kijana anafungua mlango wa gari moshi linaloshambuliwa Manchuria, na upande wa pili wa mlango ni ngome inayoungua katika karne za vita vya makabaila. Anajikwaa akiwa amevaa nguo za zama moja na kuinuka akiwa katika zama nyingine. Kipande maarufu kuliko vyote ni mbio ndefu anazoanza juu ya farasi, zikaendelea kwa gari la farasi, kisha rikisho, kisha baiskeli, huku mandhari ya nyuma yakichorwa kwa mtindo wa picha za zamani za kuchapwa kwa mbao. Katika dakika chache hizo Japani inatoka kwenye panga na kufika kwenye viwanda, na msichana ni yuleyule.

Genya na Ida wamo ndani ya kumbukumbu hizo na kamera yao. Ida analalamika, anashangaa na kuuliza maswali ambayo mtazamaji angeuliza. Genya yeye haridhiki kutazama. Anajitokeza akiwa amevaa kama samurai, anamkinga Chiyoko, anakariri maneno ya filamu pamoja naye na kulia. Jambo hili linachekesha, lakini lina maana pia. Kumbukumbu ya Chiyoko imekuwa mali ya watu wawili, mwigizaji na mtazamaji wake, na hakuna anayeweza kuisimulia bila mwenzake. Anayewajua wazee wanaosimuliana filamu walizoziona ujanani ataelewa haraka kinachoendelea.

Swali la kama tukio fulani lilitokea kweli halijibiwi, na mara nyingi halina maana. Otaki akiwa katika filamu ni mtekaji au msaliti. Eiko ni mpinzani wa kasri au mwanamke mkubwa anayemwonea mdogo. Nyuso za watu waliomzunguka Chiyoko zimejirudia katika kila zama, na hapo ndipo mtazamaji anapojua alivyowaona. Kumbukumbu yake haiaminiki kwa tarehe. Kwa watu, inaaminika.

Kizee mwenye gurudumu

Katika moja ya filamu za zamani Chiyoko ni binti wa mfalme anayetaka kumfuata mumewe katika kifo. Mzimu wa kizee aliyekaa kwenye gurudumu la kusokotea uzi unampa kinywaji na kumwambia kwamba ataungua kwa moto wa mapenzi kwa miaka elfu. Kizee huyo anasema anamchukia Chiyoko na pia anampenda.

Taswira hii inakumbusha filamu ya Akira Kurosawa Throne of Blood (1957), ambayo imetokana na tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Lakini wachawi wa Makbeth wanamtabiria mtu mwingine. Kizee wa Kon ana alama ndogo chini ya jicho, na Chiyoko anayo alama hiyohiyo. Anayemlaani ni yeye mwenyewe akiwa mzee. Anachokitabiri si ufalme wala mauaji, ni kuzeeka.

Hofu hiyo ndiyo iliyomwondoa kazini. Baada ya mabomu kuiteketeza Tokyo, Chiyoko alikuta kwenye ukuta uliobaki wa ghala lao picha yake ya usichanani, iliyochorwa na mtu wa ufunguo, pamoja na maneno ya kuahidi kuonana. Tangu siku hiyo akawa na mfano wa kujilinganisha nao. Siku ya tetemeko la studio, ndani ya kioo cha kofia ya mwanaanga, alimwona kizee akimtazama. Anamweleza Genya kwamba hakutaka mtu yule amwone akiwa si msichana aliyemchora. Kwa mwigizaji wa sinema neno hili lina uzito wa ziada, kwani picha zake zote zitabaki changa wakati yeye anazeeka.

Manchuria na vita

Japani iliivamia Manchuria mwaka 1931 na mwaka uliofuata ikasimika huko dola la Manchukuo, lililodumu hadi 1945. Sinema ilikuwa sehemu ya mpango huo. Mwaka 1937 ilianzishwa huko kampuni ya filamu ya Man'ei, na nyota wake Li Xianglan alijulikana kama Mchina ingawa alikuwa Mjapani, Yoshiko Yamaguchi. Baada ya vita alishtakiwa China kwa usaliti, akaachiwa alipothibitisha uraia wake. Setsuko Hara naye, akiwa na umri wa miaka 16, aliigiza katika filamu ya Kijapani na Kijerumani ya mwaka 1937 inayoishia kwa vijana kuhamia Manchuria kulima.

Chiyoko anaingia sinema kwa mlango huohuo: anaombwa aigize ili kuwatia moyo askari, naye anakubali kwa sababu yake binafsi. Filamu haimhukumu, lakini pia haimpi nafasi ya kuwaona watu wa Manchuria. Hao wamebaki mandhari tu, na huu ndio upungufu wake mkubwa. Inaweza kusemwa kwamba ndivyo kumbukumbu ya msichana yule ilivyokuwa. Hata hivyo Ida, aliyepo ili aulize, haulizi hapa.

Upande mmoja filamu haijasahau. Askari mwenye kovu anakuja kuomba msamaha kwa Chiyoko, na Genya peke yake ndiye anayesikia alichofanya: alimtesa mchoraji hadi akafa, muda mrefu kabla Chiyoko hajapanda treni ya Hokkaido. Genya anaibeba siri hiyo kwa miongo mitatu. Anamwambia Ida. Chiyoko hamwambii, hata siku anayomrudishia ufunguo.

Hapa ndipo watazamaji wanapogawanyika. Wapo wanaouona ukimya wa Genya kama huruma, kwa kuwa kumwambia kungemnyang'anya kilichompa nguvu. Wengine huuliza kwa haki gani mwanamume anaamua kumfichia mwanamke mzima habari ya maisha yake, hasa mwanamke ambaye tayari mume wake alimfichia ufunguo. Otaki alificha ili ammiliki na Genya alificha asimuumize. Kwa aliyefichwa, matokeo yanakaribiana. Filamu inaweka matendo hayo mawili karibu na haisemi neno.

Nguvu ya Chiyoko

Malalamiko yanayosikika mara kwa mara ni kwamba mwanamke anayetumia maisha yake kumkimbilia mwanamume aliyekutana naye siku moja si mfano wa mwanamke imara. Malalamiko haya yana msingi, lakini yanaishia njiani. Chiyoko anawakatalia mama yake, mume wake na studio. Hakuna anayeweza kumzuia akishaanza kukimbia. Mwanamume mwenyewe hana jina wala sura, na kadiri filamu inavyoendelea anabaki kuwa upande tu wa kukimbilia.

Jibu lenyewe liko katika maneno yake ya mwisho. Tetemeko jingine limetikisa nyumba, na Chiyoko yuko kitandani hospitalini. Anahisi kwamba pengine kukutana na mtu yule hakuna uzito tena. Katika tafsiri ya Kiingereza anasema kwamba anachokipenda hasa ni ule ufuatiliaji. Kijapani chake kinasema jambo tofauti kidogo: anayempenda ni yeye mwenyewe, yule anayemfuata mtu huyo. Kiswahili kingeweza kulisema bila taabu, "mimi ninayemfuata", na tofauti hiyo si ndogo. Tafsiri ya kwanza inamwacha mwanamke na mbio zake. Ya pili inampa nafsi. Wapo wanaoyasikia maneno hayo kama ubinafsi, na kwa wengine yamefuta mapenzi yote waliyoyaamini kwa saa nzima. Ni vigumu kukubaliana nao. Yule kizee alisema anamchukia na kumpenda, na mwishoni limebaki neno moja kati ya mawili hayo.

Ufunguo haufungui kitu chochote katika filamu nzima.

Sauti na muziki

Chiyoko amepewa sauti na waigizaji watatu kulingana na umri: Fumiko Orikasa ujanani, Mami Koyama utu uzimani na Miyoko Shōji uzeeni. Genya wa sasa ni Shōzō Iizuka, Ida ni Masaya Onosaka, Eiko ni Shōko Tsuda, Otaki ni Hirotaka Suzuoki, mtu mwenye kovu ni Masane Tsukayama, na mtu wa ufunguo ni Kōichi Yamadera. Muziki ni wa Susumu Hirasawa, ambaye Kon alikuwa shabiki wake kabla hawajafanya kazi pamoja. Wimbo wa mwisho unaitwa "Rotation (Lotus-2)". Ua la yungiyungi lililotajwa katika jina hilo linaonekana pia katika filamu, na ndilo jina la kampuni ya Genya.

Mapokezi

Katika tamasha la sanaa za vyombo vya habari la serikali ya Japani la mwaka 2001, tuzo kuu ya katuni iligawanywa kati ya Sennen Joyū na Spirited Away ya Hayao Miyazaki. Ni sadfa ya kupendeza, kwani Spirited Away nayo inamhusu msichana, Chihiro, anayenyang'anywa jina lake na ambaye asipolikumbuka hatarudi kwao. Filamu ya Miyazaki ilivunja rekodi za mapato na kupata Oscar. Ya Kon ilipata pia Tuzo ya Noburō Ōfuji, ikaonyeshwa Marekani mwaka 2003 katika kumbi chache kupitia Go Fish Pictures, tawi la DreamWorks, na haikupata watazamaji wengi. Mwaka 2019 ilionyeshwa upya katika kumbi za Marekani.

Kon aliendelea na Tokyo Godfathers (2003), mfululizo wa televisheni Paranoia Agent (2004) na Paprika (2006). Alifariki kwa saratani ya kongosho tarehe 24 Agosti 2010, akiwa na umri wa miaka 46, akiacha filamu moja haijakamilika.